Silsila ya Chombo: Pikipiki ya Kale na Daftari la Muuzaji Wake wa Kwanza

Huenda msomaji akashangaa kuikuta pikipiki katika kurasa za jarida la lugha. Mwandishi naye hakukusudia tangu awali kuandika juu yake. Lakini sisi tunaoshughulika na miswada ya kale tunalo swali ambalo hatuachi kuliuliza kila tunapofunua karatasi iliyoliwa na mchwa: hiki kilichoko mbele yetu kimetoka kwa nani, kimepita mikononi mwa nani, na je, tunajuaje? Tunatazama tamati ya utenzi, tunasoma jina la mnakili na tarehe aliyoiweka, kisha tunaanza kubishana iwapo tarehe hiyo ni ya mtunzi au ni ya mnakili. Katika makala haya tutaonyesha kwamba wako watu wengine, wenye mikono iliyolowa grisi, ambao huuliza swali hilo hilo kwa ukali usiopungua wetu, na kwamba njia waliyoigundua ya kulijibu ina mafunzo kwa yeyote anayetafuta asili ya kitu.

Chombo tutakachokitazama ni pikipiki ya Kiingereza aina ya Triumph, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry, baina ya 1942 na 1983. Hoja yetu ni hii. Nambari iliyogongwa kwenye chuma haitoshi kuthibitisha kuwa pikipiki fulani ndiyo inayodaiwa kuwa. Daftari la kiwanda nalo, kwa peke yake, halitoshi. Ushahidi unaofunga mjadala aghalabu hutoka kwa muuzaji wa kwanza, yaani duka lililoipokea kutoka kiwandani na kumkabidhi mnunuzi; na ushahidi huo ndio upoteao upesi kuliko wote.

Juu ya neno lenyewe

Kabla ya kuendelea hatuna budi kukubaliana juu ya istilahi. Wanamakumbusho na wauzaji wa vitu vya kale huko Ulaya wanalo neno moja la Kifaransa, lililoingia pia katika Kiingereza, ambalo maana yake ya msingi ni "kutoka". Kwalo hutaja mfululizo mzima wa wenye kitu, tangu kilipotoka kwa fundi hadi leo. Kiswahili sanifu hakijalipa dhana hii neno lililokubaliwa na wote. Wengine husema "asili", lakini asili ni mwanzo tu, nasi twataka njia yote. Wengine husema "chimbuko", nalo lina kasoro hiyo hiyo. "Historia" ni pana mno.

Watu wa pwani, hata hivyo, wamekuwa na maneno mawili kwa karne nyingi. La kwanza ni isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi wa hadithi, ambapo fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata ufike kwa aliyesikia kwa masikio yake. La pili ni silsila, ambalo hutumiwa kwa nasaba ya mafundisho, mwanafunzi na mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake. Mwandishi anapendelea la pili, kwa kuwa isnadi ni ya maneno, na chombo hakineni. Kwa hiyo katika makala haya silsila ya pikipiki ni orodha ya mikono iliyoishika, pamoja na ushahidi wa kila kiungo. Kanuni aijuayo kila mwanafunzi wa hadithi ndiyo inayotawala hapa pia: kiungo kimoja kikikatika, vilivyo chini yake vyote huning'inia hewani hata viwe imara namna gani.

Ama neno "pikipiki", hilo halina shida. Limetokana na mlio wa chombo chenyewe, na anayetaka kujua jinsi masikio ya babu zetu yalivyoisikia injini ya silinda moja hana haja ya kwenda makumbusho.

Daftari la kiwanda

Kila pikipiki ilipotoka Meriden karani aliiandika daftarini. Aliandika nambari ya injini, aina, siku ya kupelekwa, na jina la aliyepelekewa. Madaftari hayo hayakuteketezwa kiwanda kilipofungwa mwaka 1983. Chama cha pikipiki za kale cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1946, kina maktaba yenye kumbukumbu za viwanda kadhaa vya zamani, na mwenye Triumph anaweza kuomba hati inayoeleza yale yaliyoandikwa juu ya nambari yake. Kwa kumbukumbu za kabla ya vita hali ni tofauti. Kiwanda cha awali kilikuwa Priory Street, katikati ya Coventry, nacho kiliangamizwa na ndege za Ujerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, wakati sehemu kubwa ya mji ilipoteketea. Michoro na makaratasi mengi yaliangamia pamoja nacho. Mtafiti wa Triumph ya 1938 anajua njaa ya hati ni nini.

Nambari zenyewe zina sarufi yake. Pikipiki za 1950 zilimalizia nambari kwa herufi N, na za 1951 kwa NA. Mwaka 1963, injini ya sentimita 650 na giaboksi vilipounganishwa katika kasha moja, nambari zilianza kwa DU. Tangu pikipiki za mwaka wa 1969 zilianza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa mwezi na ya pili mwaka. Herufi A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea, lakini waliruka baadhi ya herufi, hata Juni ikawa G na Desemba ikawa X. Ni mfumo wa alama kama mifumo mingine ya alama. Una kanuni, una mapengo, na anayeukariri bila kuyajua mapengo hupotea.

Wapo wanaodhani kwamba basi kazi imekwisha: soma nambari, omba hati, tundika ukutani. Kuna mambo mawili yanayoharibu utulivu huo.

Jambo la kwanza ni kwamba nambari huweza kugongwa upya. Mwenye tupa, nyundo na seti ya herufi za chuma anaweza kuifuta nambari ya zamani kwenye kasha la injini na kuandika aitakayo. Kiwanda chenyewe kililijua hilo. Tangu 1969 sehemu inayogongwa nambari ilitengenezwa ikiwa na jina la Triumph dogo dogo lililorudiwa mara nyingi na kuinuka juu ya chuma, ili atakayeifuta nambari alifute na jina, na hila yake ionekane. Kwa pikipiki za kabla ya hapo hakuna kinga hiyo.

Jambo la pili ni kwamba mwaka wa pikipiki si mmoja. Msimu wa kiwanda ulianza mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo Bonneville iliyotoka Meriden Oktoba 1958 ni pikipiki ya msimu wa 1959. Ikifika dukani ikakaa mpaka mtu akaipenda mwaka 1960, basi serikali itaisajili kuwa ya 1960. Hapa ziko tarehe tatu, na kila moja ni ya kweli kwa namna yake. Hivi ndivyo ilivyotokea kwa baadhi ya Bonneville za kwanza nchini Marekani. Rangi yake ya chungwa na kijivu cha lulu haikumpendeza kila mtu, na umbo la kifuniko cha taa na madigadi yake mazito halikuwa lile walilolitaka vijana waliokuwa wakitafuta pikipiki ya mashindano. Zilibaki madukani. Mwaka uliofuata kiwanda kilibadili umbo, na huko Marekani zikauzwa kwa majina TR7/A na TR7/B. Aliyenunua 1960 pikipiki ya umbo la 1959 ana haki ya kusema yake ni ya 1960. Na mwenye daftari la kiwanda ana haki ya kumkanusha. Anayeweza kuwapatanisha ni muuzaji peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeziona tarehe zote.

Pasadena

Ili kuelewa kwa nini muuzaji ana uzito mkubwa hivi, yafaa tumtazame mmoja aliyejulikana kuliko wote. William Johnson alikuwa mwanasheria wa California aliyependa pikipiki za Kiingereza. Katika miaka ya 1930 alianza kuandikiana barua na Edward Turner, mhandisi aliyewekwa kukiongoza kiwanda cha Triumph baada ya Jack Sangster kukinunua mwaka 1936. Kutokana na barua hizo ilizaliwa biashara iliyokuja kuitwa Johnson Motors, makao yake Pasadena. Waendesha pikipiki wa huko waliifupisha wakaiita JoMo. Msomaji wa Kenya asitafute uhusiano. Haupo, ingawa mwandishi anakiri kwamba alipoliona jina hilo mara ya kwanza katika orodha ya wapelekewa alisita kidogo.

Baada ya vita biashara hiyo ilikua mno. Wamarekani walizilalamikia Triumph za sentimita 500 kuwa hazina nguvu za kutosha kwa barabara zao ndefu, na malalamiko hayo yakapita kwa Johnson hadi Meriden. Jibu lilikuwa Thunderbird ya sentimita 650. Tarehe 20 Septemba 1949 Thunderbird tatu zilikimbizwa katika uwanja wa Montlhéry, Ufaransa, maili 500 kila moja, kwa wastani uliozidi maili 90 kwa saa. Mwaka 1951 kiwanda kiliunda kampuni yake yenyewe katika jimbo la Maryland kwa ajili ya majimbo ya mashariki, na Johnson akabaki na magharibi. Nchi ikawa imegawanywa pande mbili, na ladha nazo zikagawanyika: magharibi walitaka pikipiki za jangwani na za mashindano, mashariki walikuwa na mapendeleo yao. Kwa hiyo anayeikuta Triumph ya 1956 leo anaweza, kwa kutazama matangi na mabomba yake, kukisia ilishushwa bandari ya upande gani. Kukisia tu.

Filamu moja iliupima uhusiano wa duka na chombo kwa namna ya kuchekesha. Katika "The Wild One", iliyotoka Desemba 1953, Marlon Brando aliendesha Thunderbird ya 1950 akiwa kiongozi wa genge la wahuni. Johnson Motors walilalamika kwa wakuu wa tasnia ya filamu kwamba jina la bidhaa yao lilikuwa likiharibiwa. Walikuwa wafanyabiashara waliojitahidi kuonyesha kuwa pikipiki ni kitu cha mtu mstaarabu, na sasa Hollywood ilikuwa ikiwaondolea wateja. Waingereza wenyewe waliizuia filamu hiyo isionyeshwe hadharani hadi 1967. Leo hakuna picha iliyoiuza Triumph kuliko ile ya Brando ameegemea tangi la Thunderbird yake.

Lakini mfano ulio muhimu zaidi kwa hoja yetu ni ule wa pikipiki iliyozaliwa kwa sababu ya duka. Waendeshaji wa California walikuwa na mashindano yao ya udongo, yenye kona na mruko, yaliyofanyika katika viwanja kama Ascot Park huko Gardena. Johnson Motors waliomba wapewe Bonneville iliyo tayari kwa mashindano hayo: isiyo na taa, nyepesi, yenye mgandamizo mkubwa wa injini. Kiwanda kiliitengeneza kuanzia 1963 hadi 1967, nayo ikajulikana kama TT Special. Hakikuitengeneza kwa Waingereza. Ni chombo kilichotungwa Pasadena na kuandikwa Meriden, kama vile utenzi unaweza kutungwa na mmoja na kuandikwa na mwingine.

Kwa kuwa zilikuwa chache na zikapigwapigwa viwanjani, zilizobaki zimekuwa na thamani kubwa. Thamani ikizaa uongo si ajabu. Bonneville ya kawaida ikiondolewa taa, ikafungwa mabomba yanayostahili na kugongwa herufi mbili tatu mpya kwenye kasha, itawadanganya wengi. Hapa daftari la kiwanda linasaidia kuukanusha uongo: likisema nambari ile ilikuwa ya pikipiki ya kawaida, mjadala umekwisha. Lakini halisaidii kuuthibitisha ukweli. Mwongo mwerevu atachagua nambari ambayo daftari linasema ni ya TT Special, ambayo pikipiki yake halisi ilikwisha kufa zamani katika udongo wa Gardena.

Na hapo ndipo daftari la kiwanda linapofikia ukomo wake. Likifungua mstari wa pikipiki kama hiyo, litasema "Johnson Motors" na tarehe. Basi. Johnson Motors hawakuwa duka la mwisho. Walikuwa wakala mkuu aliyezigawa pikipiki kwa maduka mengi ya majimbo ya magharibi. Kutoka ghala la Pasadena ilikwenda duka gani? Liliuza lini, kwa nani? Kiungo cha pili cha silsila hakimo katika kitabu cha Meriden, wala hakikupata kuwamo. Mtafiti hana budi kutafuta risiti ya mauzo, hati ya dhamana iliyojazwa na muuzaji, kijitabu cha huduma chenye muhuri wa duka, au hati ya serikali ya umiliki. Hii ya mwisho nayo ina mtego. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliisajili pikipiki kwa nambari ya injini wala si ya kiunzi. Mwenye pikipiki aliyeua injini yake akafunga nyingine alikuwa, machoni pa sheria, amenunua pikipiki nyingine. Sheria ilikuwa imeamua kwamba roho ya chombo imo katika injini. Waingereza, kama tutakavyoona, walielekea kuitafuta roho hiyo kwenye kiunzi. Hili ni suala la falsafa lililoamuliwa na makarani, na halikuamuliwa sawasawa kila mahali.

Maduka yenyewe yalikufa. Honda walifungua ofisi Los Angeles mwaka 1959, na mwaka 1969 wakaleta pikipiki ya silinda nne ambayo haikuvuja mafuta. Kampuni ya BSA, iliyokuwa imeinunua Triumph mwaka 1951 na baadaye Johnson Motors pia, iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wafanyakazi wa Meriden wakakikalia kiwanda kuanzia Septemba 1973. Muuzaji wa mji mdogo aliyekosa pikipiki za kuuza alibadilisha bango au alifunga mlango. Sanduku la risiti lilikwenda darini, na dari likiuzwa, sanduku lilikwenda jalalani. Hakuna aliyedhani kwamba anatupa historia. Alidhani anatupa karatasi.

Kinachobaki katika hali hiyo ni kumbukumbu ya muuzaji mwenyewe. Bud Ekins, aliyekuwa na duka la Triumph huko Sherman Oaks na ndiye aliyeruka ua wa waya kwa pikipiki katika filamu "The Great Escape" ya 1963 kwa niaba ya Steve McQueen, aliishi hadi 2007. Muuzaji wa namna hiyo ni maktaba inayotembea. Sisi tuliozoea kukusanya fasihi simulizi twajua thamani ya mzee kama huyo, na twajua pia hatari yake: mzee anayeulizwa mara mia swali moja huanza kulijibu kwa uzuri kuliko usahihi. Pikipiki inayosemwa kuwa iliwahi kuguswa na mtu mashuhuri huongezeka bei, na wenye pikipiki za namna hiyo wameongezeka kuliko pikipiki zenyewe.

Kitabu cha duka

Uingereza silsila ilikuwa fupi zaidi, kwa kuwa kiwanda kilipeleka pikipiki moja kwa moja kwa duka, na duka likamuuzia mtu. Tena kulikuwa na shahidi wa tatu. Tangu Januari 1904 kila chombo cha moto kilipaswa kusajiliwa na halmashauri ya mahali, na kila halmashauri ilikuwa na herufi zake. Coventry, kwa mfano, ilikuwa na HP, DU, KV, RW, VC na WK. Tangu 1921 mwenye chombo alipewa kitabu cha usajili ambamo jina la kila mwenyeji lilipigwa muhuri. Bamba la nambari likawa kama lafudhi: mjuzi hulisikia na kukwambia kwao ni wapi. Maduka nayo yalikuwa na desturi ya kubandika kwenye madigadi ya nyuma karatasi ndogo ya rangi yenye jina la duka na mji. Karatasi hiyo ikisalimika chini ya rangi mpya, ni hati.

Usajili ulipohamishiwa katika ofisi moja huko Swansea kuanzia 1974, wenye vyombo walitakiwa kupeleka vitabu vyao ili waingizwe katika orodha mpya. Waliochelewa hadi mwisho wa Novemba 1983 nambari zao zilifutwa. Pikipiki zilizokuwa zimelala katika mabanda ya kuku wakati huo ziliamka hazina jina. Baadhi ya madaftari ya halmashauri yalihifadhiwa katika nyaraka za wilaya; mengine yaliharibiwa. Ulikuja kuwekwa utaratibu wa kuidai nambari ya zamani, ila mdai sharti alete hati ya wakati ule inayoiunganisha nambari ya bamba na nambari ya kiunzi.

Mwandishi aliyajua haya alipokuwa akisomea shahada ya pili Uingereza. Mzee mwenye nyumba alimopanga chumba alikuwa na Triumph Tiger 110 katika banda la nyuma, yenye bamba alilopewa miaka ya karibuni baada ya la asili kupotea. Aliinunua uzeeni kwa sababu moja. Kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, alikuwa na Tiger 110 aliyoinunua mpya mwaka 1956 na kuiuza miaka mitano baadaye alipooa. Aliyemuuzia mzee alidai kwamba hii ndiyo ile. Mzee alitaka kuamini, na kwa sababu alitaka kuamini hakuthubutu kuchunguza. Siku moja alimwuliza mpangaji wake, mtu wa karatasi za kale, atamsaidia vipi.

Tulianza na chuma. Pikipiki za Meriden za katikati ya miaka ya 1950 ziligongwa nambari moja kwenye injini na kwenye kiunzi, karibu na shingo. Hizi zilikuwa mbili tofauti. Mzee aliketi juu ya ndoo. Tuliomba hati kwa nambari zote mbili. Jibu lilisema kwamba kiunzi kilikuwa cha Tiger 110 iliyopelekwa Machi 1956 kwa duka la mji mdogo wa mashariki ya Uingereza, na injini ilikuwa ya Tiger 110 nyingine, iliyopelekwa 1959 kwa duka la mbali kabisa. Mji ule mdogo ndio walikozaliwa. Lakini duka liliuza pikipiki nyingi, na mji ulikuwa na vijana wengi.

Duka lilikuwa limefungwa. Mjukuu wa mwenye duka alikuwa akiishi nyumba ile ile, na katika kabati la chini ya ngazi alikuwa na vitabu saba vya mauzo vya babu yake, ambavyo, kwa kauli yake, alikuwa akikusudia kuvitupa kila mwaka tangu baba yake afe. Tulivisoma mezani kwake, mwandishi akigeuza kurasa na mzee akiwa ameshika miwani mkononi bila kuivaa. Babu alikuwa na mwandiko mzuri na vifupisho vyake mwenyewe, ambavyo tulivifumbua kwa kulinganisha mstari na mstari, kama mtu anavyosoma hati ya Kiarabu isiyo na nukta. Katika ukurasa wa Aprili 1956 ilikuwamo nambari ya kiunzi. Mbele yake nambari ya bamba ambalo mzee alilikumbuka mara tu aliposomewa, na mbele ya bamba jina la kaka yake, limeandikwa kwa kosa la herufi moja.

Basi, je, ndiyo ile? Kwa kanuni ya Waingereza, ndiyo. Kwa kanuni ya majimbo yale ya Marekani, hapana: kilichokuwa bandani kilikuwa pikipiki ya 1959 ya mtu asiyejulikana. Daftari la kiwanda peke yake lingetuacha na kiunzi na injini zinazogombana, na kitabu cha duka bila daftari la kiwanda kingetuambia kwamba kaka alinunua pikipiki, jambo ambalo mzee alilijua. Vilipokutana ndipo jibu lilipopatikana, nalo lilikuwa jibu la nusu. Mwandishi alijitayarisha kumfariji mzee juu ya ile nusu nyingine, lakini hakuhitajika. Mzee alisema injini ya kwanza kaka yake aliiua mwenyewe, na yeye, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa nyuma siku ilipokufa. Hakuwa amepata kulisimulia hilo, kwa kuwa hakujua kwamba lilikuwa ushahidi.

Vitabu vile saba sasa viko katika nyaraka za wilaya, na nambari ya bamba imerudi mahali pake. Mstari wa kaka una jambo moja zaidi, ambalo tuliliona tulipokuwa tukinakili. Pembeni, kwa wino wa rangi nyingine, babu aliandika kwamba sehemu ya bei ililipwa kwa kumpokea mnunuzi pikipiki yake ya awali, BSA Bantam, na, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliandika nambari ya kiunzi chake pia.